Kigoda cha Mzee Cyprian

Mzee Cyprian, mchonga vinyago wa Temeke, alikuwa na kigoda kimoja cha mpingo ambacho hakiuzwi, hakiazimwi na, kwa maelezo yake mwenyewe, hakikaliwi na mtu mwingine. Mjukuu wake Marietha, wa miaka kumi na miwili, alikikalia kila siku akitoka shule. Si kwamba nyumba ilikosa viti.

"We mtoto, toka hapo."

"Niache nikizoee, babu. Umebakiza siku ngapi kwani? Mie ndo mrithi."

"Nitakuzika mie."

"Kwa nguvu zipi? Meno yenyewe yamekukimbia."

Hapo mzee humshika mkono na kumvuta, naye Marietha hupiga yowe la kusikika nyumba ya saba: "Majirani, naonewa." Mama Naima, muuza vitumbua wa mlango wa pili, hujibu bila kuinua macho kwenye kikaango: "Mvute, babu, mvute." Ndio utani wa babu na mjukuu huo. Anayekasirika ndiye mshamba.

Jumanne ile mzee alivuta kama kawaida, tena wala si sana. Akasikia kitu kimelia ko, kidogo tu, kama kijiti kikavu. Marietha akapiga yowe. Mama Naima akasema, "Mvute, babu." Adelina, mama yake Marietha, akacheka huko ndani. Mzee naye akacheka, akavuta tena.

Huko kuvuta tena ndiko kulikomkaa kooni.

Hospitali walipokewa na Daktari Khatun, mwanamama mwembamba mwenye ushungi wa kijivu. "Shikamoo, mzee."

"Mie ndiye niliyemvunja," mzee akasema, marahaba yenyewe kaisahau.

Daktari akabandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa. "Hapa karibu na bega, mfupa una uwazi umejaa maji. Si saratani. Huwapata watoto, hauumi, na mara nyingi haujulikani mpaka mfupa uvunjike. Angeweza kuvunjika akirusha mpira wa rede."

"Lakini hakurusha mpira."

"Mzee wangu..."

"Unanifariji, mwanangu. Asante."

Mkono ukaning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Daktari alisema wasubiri wiki sita. Mfupa ukishavunjika, kuna wakati uwazi hujiziba wenyewe. Katika wiki hizo Marietha alikalia kigoda asubuhi na jioni, kwa makusudi kabisa, akimtazama babu yake kwa jicho la uchokozi. Mzee akageuza ndoo, akakalia hiyo.

"Kaa tu, mama," akawa anasema.

Marietha akaenda kushitaki jikoni. "Mama, babu kaharibika. Ananiita mama. Mkono umevunjika wangu, anaumwa yeye."

Wiki sita zikaisha. Ufa umeunga, uwazi uko palepale. Daktari Khatun akaeleza kwamba watapasua kidogo, wakwangue utando ulioko ndani, kisha wapajaze, la sivyo mkono utavunjika tena. Adelina akaanza kulia. Mzee akavaa miwani, akausogelea ule mwanga wa kioo.

Aliitazama picha ile kama anavyotazamaga gogo kabla ya kulitia patasi. Akapitisha ukucha pembeni ya kivuli. Ukuta wa mfupa hapo ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, na alama ya ufa ilipita palepale. Magogo ya hivyo alikuwa anayajua. Kwa nje zima, zito, linang'aa, moyoni tundu. Unaligusa kwa adabu zote, linapasukia mikononi. Katika miaka arobaini hakuwahi kuilaumu patasi.

"Mnajaza nini?" akauliza.

"Vipande vya mfupa wake mwenyewe. Tunavitoa kwenye nyonga."

Mzee akaguna. "Na sie ndo hivyohivyo. Vumbi la mpingo uleule, na gundi. Ukiweka kitu kingine mnunuzi anakushitukia."

"Mie sina mnunuzi, mzee."

"Unaye. Yupo nje hapo anakula karanga, na mdomo wake huuwezi."

Daktari akacheka. Mzee hakucheka. Kuelewa alishaelewa, ila mikono yake alishairudisha mfukoni.

Upasuaji ulichukua saa mbili. Marietha alipozinduka, ulimi mzito kwa dawa ya usingizi, neno la kwanza likawa, "Kigoda kakalia nani?"

"Hakuna, mama," mzee akajibu.

Marietha akanuna, akageukia ukutani.

Mwezi wa nne baada ya hapo, picha mpya ilionyesha pale penye kivuli pamekuwa peupe, pamejaa. "Abebe ndoo, acheze rede," Daktari Khatun akasema. "Na wewe mzee, ugomvi wako uendelee."

Walipofika nyumbani Marietha akaenda moja kwa moja kwenye kigoda, akakaa. Mzee akasimama mbele yake, mikono nyuma. Marietha akanyoosha mkono. Si ule wa kushoto uliokuwa mzima siku zote. Alinyoosha wa kulia, wenye kovu karibu na bega.

"Vuta."

"Mh."

"Au umezeeka?"

Mzee akautazama. Akaushika kwanza kwa vidole viwili, akapandisha taratibu mpaka juu, akibonyeza kama anayetafuta nyufa kwenye gogo. Hakuziona.

"Toka kwenye kigoda changu, mwizi we," akasema kwa sauti iliyokwaruza, akavuta.

"Majirani, naonewa."

Safari hii Mama Naima aliweka mwiko chini. Akanyanyuka, akaja hadi mlangoni, akamtazama mtoto usoni. Alitazama mpaka akayaona meno yote ya mbele, yamekenuliwa.

"Mvute, babu," akasema, akarudi kwenye vitumbua vyake, ambavyo viwili vilikuwa vimeshaungua.