Majina ya Kipoyi

Serikali ambayo Akimana aliijua ilifika Lubarika mara mbili tu: kuhesabu mbuzi, kisha kuwachukua. Kwa hiyo wanakijiji walijitoza wenyewe. Kila mavuno, kila nyumba ilitoa beseni la mihogo mikavu kwa chama cha kipoyi, ile machela ya mianzi ya kubebea wagonjwa mpaka hospitali ya Sange. Mihogo iliuzwa, ikanunua dawa za wazee wasio na mtu. Na kila nyumba ilitoa bega. Siku ya mgonjwa, Akimana, karani wa chama, alisoma majina manane kutoka daftarini. Aliyesikia jina lake alisimama na kusema "Niko!" bila kuuliza nani anaumwa. Kuuliza ilikuwa aibu, kana kwamba unachagua nani afe.

Ilikuwa kodi, tena kodi isiyo na askari. Akimana aliionea fahari, na mwandiko wake mzuri pia, Mungu amsamehe.

Mwaka wa pili wa vita, waasi walipiga kambi kilimani. Kamanda wao akaitisha mkutano, mpole kama muuza vitambaa. Sasa yeye ndiye serikali, alisema. Atakusanya mihogo, na wazee watatibiwa bure. Alitaka daftari tu, ajue nani anachangia. Watu wakatazamana, kisha wakarudi nyumbani bila kulitoa.

Lakini baba yake Akimana, mzee Nsengiyumva, alikuwa hoi siku ya nne, kifua kinakoroma, na bila ruhusa ya kamanda hakuna kipoyi kilichovuka kizuizi cha barabarani. Jumamosi Akimana akapanda kilima na daftari chini ya kitenge.

"Afande, papa yangu iko anakufa. Minye naomba tu wamupitishe."

"Kesho kisha misa, njia itakuwa wazi," alisema kamanda, akifunua kurasa polepole. "Umeandika vizuri, mama. Hata wenye nguvu umewapanga mbele."

Akimana alitaka kulinyakua daftari. Akajikaza, akaliacha, maana baba ni baba.

Jumapili, katekista alipomaliza sala, askari wa kamanda alisimama mlangoni mwa kanisa na daftari, akasoma.

"Anastase!"

"Niko!"

"Evariste!"

"Niko!"

Wakasimama mmoja mmoja, wakikunja mikono ya mashati, na Akimana akawashukuru kimoyomoyo. Jina la tisa liliposomwa, alidhani askari hajui utaratibu. Kufika la kumi na tano, askari alikuwa bado anafunua kurasa. Angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Labda hao ni wa kupokezana njiani, alijidanganya.

Wanaume ishirini na wawili walitoka. Nje walitwishwa masanduku ya risasi, wakageuzwa kuelekea milimani.

Nyumbani baba alikuwa amekwisha kuvaa koti. "Wamefika?" akauliza.

"Wako njiani, papa."

Waliofika ni wanawake wanane, mbele yao Marie-Jeanne, mke wa Anastase. Hawakulaumu, hawakuuliza. Nyumba ikiitwa, nyumba hubeba. Wakamlaza mzee kwenye kipoyi, wakakiinua, na Akimana akafuata nyuma akitamani angalau mmoja wao amtukane.

Kizuizini askari aliwahesabu kwa kidole, akainua mti wa njia. Kamanda alikuwa ametimiza neno lake.

Walipoyafikia mashamba ya mpunga, Marie-Jeanne alisema bila kugeuka: "Akimana, mu ile daftari, kama bwana yangu haiko, uliandika nani pa nafasi yake?"

Karani mzuri haachi mstari mtupu.

"Weye, mama."

"Na kisha minye?"

Akimana alitamani kudanganya, akashindwa.

"Délice."

Marie-Jeanne alihamishia mwanzi bega la pili. Kipoyi hakiwekwi chini njiani, kwa hiyo aliendelea kutembea kuelekea Sange, na binti yake Délice alikuwa peke yake nyumbani, chini ya kilima chenye daftari.