Namba ya Léonidas

Mdogo wangu Audace akitaka kudanganya hukohoa kwanza. Siku ile mbele ya kompyuta alikohoa mpaka Benon, fundi wa kompyuta, akamwuliza kama ana kifua.

Tulikuwa kwenye ofisi yetu ya kuchapa, hapo Biryogo, Kigali, chumba kimoja kilichobanwa kati ya mafundi cherehani wawili. Ilikuwa Desemba 1994. Mimi na Audace tulizaliwa Bujumbura, wazazi wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda, na tulirudi Kigali baada ya mauaji, wakati mji ulikuwa na nyumba nyingi kuliko watu. Audace aliingia moja kule Niboye. Waliorudi walikuwa na neno la jambo hilo, kubohoza, yaani kukomboa, kana kwamba nyumba zilikuwa gerezani zikituita. Mimi nilipanga chumba nyuma ya ofisi, na sikuchoka kumkumbusha hilo. Kompyuta aliniambia ameinunua kwa Mhindi mmoja wa Bujumbura, pamoja na boksi la disketi. Alikohoa siku hiyo pia, lakini nilikuwa na furaha ya kupata kazi, nikasingizia vumbi.

Wiki ile kompyuta ikagoma. Shule moja iliyokuwa inafungua tena milango ilikuwa imetupa mitihani yake yote tuichape kabla ya Jumatatu. Tukiimaliza vizuri, kazi zao za mwaka mzima zingekuwa zetu. Tukishindwa, tungefunga ofisi na kurudi Bujumbura mikono mitupu, na mimi nilikuwa nimewaaga watu kule kwa maringo. Maji yalikuwa yametufika shingoni.

Benon, aliyekulia Kampala na kujifunzia kompyuta huko, alifuta kila kitu kilichokuwa ndani ya mashine, kisha akaanza kuirudisha programu ya kuandikia, disketi moja baada ya nyingine. Mwishoni programu ikadai namba yake, ile inayokuja kwenye kadi ndani ya boksi. Boksi letu halikuwa na kadi. Benon akachapa namba ya boksi lake mwenyewe, ambalo disketi zake zilikuwa zimeshaharibika. Ikakataa. Akachapa tena polepole, kidole kimoja kimoja, ikakataa.

"Namba yangu iko ya disketi za Kiingereza," akasema. "Hizi zenu ziko za Kifaransa. Programu iko moja, lakini disketi hazisikilizi namba ya boksi lingine. Kadi iko wapi, Audace?"

"Ilipotea njiani."

"Haya. Basi tumwulize mwenyewe." Benon alirudisha disketi ya kwanza, akageuza kioo kutuelekea. "Mtu akiingiza hii programu mara ya kwanza, disketi inashika jina lake. Nililiona tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja mseme wenyewe."

Maneno yalikuwa ya Kifaransa, nikayasoma kwa sauti. Yalisema kwamba programu hii imekwisha kuandikishwa kwa jina la KAMANZI Léonidas, Niboye. Sijawahi kusikia Mhindi anayeitwa Kamanzi.

Fundi wa jirani, ambaye sikio lake lilikuwa dirishani kwetu kila siku, akaacha kukanyaga cherehani. "Léonidas yule mwalimu wa uhasibu? Walimwua mwezi wa nne. Mke wake, Aidah, iko mtoto wa hapa hapa Biryogo. Sasa anakaa kwa dada yake, nyuma ya msikiti."

Sikuweza kumtazama Benon. Nilijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na nilimchukia Audace kwa kunivua. Benon akafunga mkoba wake taratibu, akasema boksi lingine jipya labda lingepatikana Nairobi, baada ya majuma mawili. Akaaga bila kumpa Audace mkono.

"Nikienda kumwuliza huyo mjane namba, atajua ni nani analala kwake," Audace akaniambia. "Da Cécile, mke wangu amejifungua juzi tu. Tukifukuzwa tutakwenda wapi?"

"Mficha uchi hazai," nikamjibu. "Vaa viatu."

Tulimkuta Aidah uani, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Nilitegemea bibi mzee, kumbe alikuwa rika langu. Alitukaribisha, akatuomba tukae kwenye mkeka, akauliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza sisi ni nani. Audace akalisema lote kwa mkupuo mmoja, macho chini.

"Mama, mimi ndiye niko kwenye nyumba yako ya Niboye."

"Najua," akasema. "Nilifika mpaka kwenye kibaraza. Nikaona nepi kwenye kamba, nikarudi."

Hapo ndipo aibu iliponipanda mpaka masikioni. Nilitaka kuondoka, lakini mitihani ilikuwa pale pale mezani ofisini, na Audace alikuwa ameshaanza kueleza: kompyuta, disketi, shule, namba inayotakiwa. Nimeona watu wakiomba chumvi na wakiomba radhi. Sikuwahi kuona mtu aliyeiba sanduku akimfuata mwenyewe ili amwombe na ufunguo. Na mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikitikisa kichwa kumsaidia.

Aidah aliuacha mchele. Uso wake ulichangamka.

"Kadi hamtaipata. Léonidas hakuamini karatasi, alisema zinapotea. Namba zake zote alikuwa anaandika ukutani, nyuma ya mlango wa kile chumba kidogo, kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nagombana naye, namwambia unanichafulia nyumba." Akacheka kidogo. "Nenda ukaisome, iko pale. Na siku moja mniruhusu nami nije niuone ule ukuta. Picha walichoma zote. Sina kitu kingine kiko na mkono wake."

Audace akanitazama. Kile chumba kidogo sasa kilikuwa cha mtoto. Alikuwa amekipaka rangi mwenyewe kabla mkewe hajajifungua, mikono miwili ya rangi ili madoa yasionekane, na mimi nilikwenda kukitazama nikamsifu. Nikamwona anafungua mdomo. Nilijua analotaka kulisema, kwamba ukuta uko, kwamba mama akaribie wakati wowote. Nikamwahi.

"Mama, ule ukuta umepakwa rangi."

"Wote?"

"Wote."

Akainamia ungo. Vidole vyake vilitafuta mawe kwenye mchele ambao alikuwa ameshauchambua. Nilitamani atutukane, atumwagie mchele usoni, awaite majirani. Ningeshukuru.

"Nyumba ni yako," Audace akasema. "Tutatoka."

"Utatoka uende wapi na kichanga, mvua hizi?"

Alisema bila hasira, na bila upole pia. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akamtazama Audace, halafu mimi.

"Sasa hiyo mitihani ya watoto," akauliza, "mtaichapaje?"