Kofia Mbili Kwenye Usukani

Kofia ya marehemu Packie ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye usukani wa lango la maji, na aliyeifunga ni dada yake, Attracta. Pale mto Owenglas, tangu enzi za babu zao wategaji wa mikunga, wale samaki kama nyoka, sheria ilikuwa moja na haikuandikwa popote: anayeshuka kwenye shimo la mtego huvua kofia akaitundika kwenye usukani. Kofia ikiwapo, mtu yuko chini, na lango haliguswi, maana likifunguliwa maji hujaza shimo. Mwaka juzi bosi mmoja wa kampuni ya umeme aliiona kofia, akatazama saa yake, akaamuru lango lifunguliwe. Packie alitolewa jioni. Kampuni ikaleta shada la maua. Attracta akaleta waya.

"Kila wakiuzungusha usukani wamzungushe na yeye," alisema. "Wasije wakajitia kusahau."

Hakuna aliyethubutu kuitoa.

Asubuhi ile mvua ilinyesha kwa kiburi, nalo ziwa nyuma ya bwawa lilikuwa limejaa mpaka pomoni. Malachy, mlinzi wa lango, alisimama mlangoni pa kibanda chake na kikombe cha chai.

"Unashuka kuwabembeleza hao dagaa wako?"

"Sishuki mpaka mchana. Nenda kalambe sahani ya kampuni."

"Nikilamba mimi, taa inawaka kwako. Au siku hizi unamulika jiko kwa mkia wa samaki?"

Attracta alicheka bila kupenda. Malachy akaingia ndani.

Lakini kazi haikungoja mchana. Majani yaliziba wavu wa mtego, maji safi yakakatika, na ndani ya tangi la shimoni samoni wachanga walianza kutweta. Hao hawakuwa dagaa. Jana yake Fintan, mtafiti kutoka Galway, aliwapasua matumbo mmoja mmoja, akawatia kidude cha kutoa mlio, kidogo kama punje ya mchele, akawashona. Walihitaji kupumzika hadi kesho, kisha wapelekwe juu ya bwawa, ijulikane wangapi watapita kwenye mitambo ya umeme na kuufikia mto wa chini wakiwa hai. Miaka yote kampuni ilisema samaki wanapita salama. Attracta alikumbuka mto ulivyokuwa na samaki wa trauti hadi watoto wanawachoka, na alikumbuka kila mkubwa aliyekuja kuahidi na alivaa viatu gani. Safari hii angepeleka ushahidi Dublin, kwa wakubwa wa serikali. Na msimu wa samoni kushuka baharini ulikuwa ukingoni. Wengine wa kutiwa vidude wasingepatikana.

Akalitupa koti, na simu ndani yake. Akaitundika kofia yake juu ya ile ya kaka yake, akashuka.

Alikuwa ameinama, majani tele mikononi, ukuta ulipoanza kutetemeka. Moyo uliujua mtetemo ule kabla ya kichwa. Maji yakaingia kwa kishindo upande wa ngazi, yakamrusha hadi ukuta wa pili. Alijaribu kurudi, yakamrusha tena.

"Malachy! Niko huku! Malachy!"

Sauti yake hata yeye hakuisikia. Juu, kwenye uwazi wa shimo, akauona usukani ukizungushwa na mota, na kofia mbili zikizunguka nao.

Hapo akaelewa, na baridi ya kuelewa ikazidi ya maji. Malachy huchungulia dirishani kwanza. Alichungulia. Aliona kofia. Ya Packie anaiona kila siku.

Maji yalifika kiunoni. Packie naye alisimama hapa hapa. Alishika nini? Alimwita nani?

Mkono wake ukagusa tangi. Chini yake palikuwa na kizibo, na bomba jembamba la kupeleka samaki mtoni, hadi chini ya daraja. Pale darajani alikaa Fintan, akijaribu chombo chake cha kusikilizia vile vidude.

Akishawaachia, basi tena: watafika mto wa chini bila kupita kwenye mitambo. Kampuni itacheka mwaka mzima.

Maji yakamfika kifuani. Meno yalimgongana. "Nisameheni," aliwaambia samaki, akachomoa kizibo. Wakateleza gizani kama visu.

Kisha ikawa ni kungoja tu. Maji yakashika kidevu. Alisimama kwa ncha za vidole, pua juu, akimwomba Mama Maria na kumtukana bosi kwa pumzi ile ile.

Kishindo kikakatika.

Uso wa Fintan ukatokea juu, mweupe kama chokaa. "Dada Attracta! Uko hai? Niliwasikia samaki wote kwa mpigo! Nikasema huyu mama hawezi kuwaachia hata kwa mtutu wa bunduki. Nikakimbia!"

Walimvuta. Malachy alikuwa amepiga magoti kwenye tope.

"Niliona kofia, Attracta. Haki ya Mungu niliiona. Nikajua ni ya Packie."

"Najua uliiona." Attracta alinyosha mkono. "Lete koleo."

Alikata waya mwenyewe. Vidole vilikataa mara mbili. Akaivaa kofia ya kaka yake, imelowa vilevile, na yake akaitia kwapani. Usukani ukabaki mtupu.

"Hapa pasikae tena kofia ya maiti," alisema. "Na huko Dublin nitakwenda nayo hii kichwani. Waniulize kwa nini sina samaki."