Uso wa Kukataliwa

Fundi aliipiga pasi suti yake mara mbili, ingawa mkewe alimwambia ya kwanza ilitosha. Ilikuwa suti ya sufu ya kijivu, aliyoishona mwenyewe enzi zile bado ana cherehani barazani. Mtaa mzima uliisifu. Kitambaa kilikotoka walijua watu watatu tu: yeye, mkewe aliyeshona vifungo, na mtoto wao wa pekee, aliyekuwa akicheza chini ya meza.

Mtoto huyo sasa alikuwa mtunzi wa matangazo ya televisheni. Kampuni moja ya kadi za mkopo ilitaka tangazo, naye ndiye aliyelibuni.

"Baba, wewe na mama ndio wateja wangu," alisema. "Unamchagulia mama koti, unatoa kadi. Na koti ni lake kweli, zawadi yangu. Nchi nzima itakuona."

Fundi akautangazia mtaa. "Ukishakuwa nyota usitusahau sisi watu wa vumbi," kinyozi wa jirani alimtania.

"Nitawapungia mkono," alijibu, "wa kushoto."

Duka lenyewe lilikuwa limejengwa ndani ya ghala. Viatu rafuni vilikuwa vya mguu mmoja mmoja, na mikoba imejazwa magazeti. Koti lilikuwa koti kweli. Mkewe alipolivaa, Fundi alimzunguka, akamnyoosha ukosi kama alivyowanyoosha matajiri miaka nenda miaka rudi, kisha akaenda kaunta na kutoa kadi.

Msichana wa kaunta aliitazama mashine, akamtazama yeye, akapaza sauti. "Imekataliwa! Una nyingine, mzee, au tunapotezeana muda tu?"

Hilo hakuambiwa. Nyuma yake foleni ikaguna, na mtu mwenye mwavuli, akitafuna ubani, akasogea mbele. Vidole vya Fundi vikaanza kufungua saa mkononi.

"Binti, niwekee hii kwanza. Koti limeshampendeza mke wangu..."

Ghala zima likaangua kicheko.

"Kata!" alisema mwongozaji, mama mmoja mwenye kofia. "Ah! Yule wa mwavuli kamziba. Uso hatukuupata."

Mtoto akatokea nyuma ya pazia. "Usikasirike, baba. Mtu anaaibika kwa kadi mbovu, kisha yetu inamwokoa. Waigizaji wote tuliowajaribu walikunja uso kama wanaoumwa tumbo. Tulitaka wa kweli."

"Na wa kweli ukauona kwangu."

"Rudia, baba. Nisipoupata uso huo leo, kazi sina."

"Mume wangu, twende nyumbani," mkewe alisema.

"Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga," alijibu Fundi. "Lakini kaunta akae mwanetu. Anikatae mwenyewe."

Mtoto akavaa aproni ya duka. Taa zikawaka.

"Imekataliwa."

Fundi akaulaza uso wake kama kitambaa kilichopigwa pasi. Aliujua uso huo. Alikuwa akiuvaa alipopiga magoti miguuni pa wenye fedha, pini mdomoni, wakimwita "wewe".

"Mkali zaidi!" alisema mwongozaji.

"Mzee, kadi haina kitu. Pisha wenye uwezo."

"Ndiyo, mwanangu. Endelea." Akatabasamu hata.

"Hakuna kitu pale! Zaidi!"

Mtoto akauma mdomo, akatazama kamera, akamtazama baba yake. Kisha akainama juu ya kaunta.

"Hata hiyo suti si yako. Kitambaa ni cha mteja aliyefariki. Mjane wake alipokifuata, ukamwambia kimeungua kwa pasi. Akakushukuru, akaondoka akilia. Na mama alikuwa pale pale, anashona vifungo."

Hata yule wa mwavuli aliacha kutafuna.

Uso wa Fundi haukutikisika. Hakufumba jicho, hakumeza mate. Amenipiga kwa nguvu zake zote, alijiambia, na sikuanguka. Uso wangu hawaupati.

Ndipo akamsikia mwongozaji akinong'ona, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Usikate. Mwache mzee. Nenda kwa mama. Karibu. Karibu zaidi."

Kamera ikampita begani. Fundi hakutaka kugeuka, lakini aligeuka. Koti lilikuwa limemteleza mkewe mabegani, amelishika mkononi kama kitu cha mtu mwingine, na macho yake yamekwama kwenye vifungo vya suti.

Tangazo lilirushwa kila jioni kabla ya habari. Uso wa mama ulijaa kioo chote, ikafuata kadi, kisha maneno: *Umpendaye asikose heshima.*

"Fundi, wewe hukuonekana hata ukucha!" kinyozi alicheka mlangoni. "Lakini mama, loo! Kumbe mwigizaji ni yeye."

Simu ya Fundi ikalia. Alikuwa mtoto wao: kampuni imefurahi, inataka tangazo la pili, na inamtaka mama peke yake.

Mkewe hakuinua kichwa. Suti ya kijivu ilikuwa mapajani pake, naye alikuwa akivikata vifungo kwa wembe, kimoja kimoja.

"Mwambie nitakuja," alisema. "Uso mwingine wa kuvaa sina tena."