Chumba cha Mpishi Mmoja

Jana usiku niliota natafuta chumba cha kupanga Morogoro, na dalali wangu alikuwa upawa.

Namaanisha upawa wa kupakulia mchuzi, wenye mpini mrefu. Alivaa shati la mikono mifupi na kandambili, na kila alipopiga hatua kichwa chake kilimwaga mchuzi kidogo barabarani. Sikushangaa. Kilichonisumbua ni kwamba mchuzi ulikuwa bado wa moto. Nikajiuliza ametoka kupakua wapi asubuhi yote ile, na kwa nini hakuniambia.

Niseme mapema kwamba mimi, Sekela, si mtu wa kuamini haraka, hata nikiwa macho. Chupa yangu ya mafuta ya kula huwa naichora mstari kwa kalamu pale mafuta yalipoishia, nijue kama kuna mkono umepita. Mwaka wa kwanza chuoni nilikaa hosteli isiyo na jiko, nikaishi kwa chipsi na vitu vya kukaanga, mpaka vidonda vya tumbo vikanilaza hospitali. Mama akapiga simu kutoka Tukuyu. "Mwaka huu ama upate mahali pa kujipikia, ama urudi nyumbani," akasema. "Ukiwa mgonjwa utasoma nini?" Mama yangu hatanii na tumbo la mtu. Kwa hiyo jiko kwangu si anasa. Ndilo litakaloamua kama nitamaliza chuo au la.

"Uko na nani?" upawa akaniuliza.

"Peke yangu," nikajibu haraka.

Hapo nilidanganya. Nilikuwa nimekubaliana na Hidaya, rafiki yangu wa Tanga ninayesoma naye, kwamba mwaka huu tupange pamoja. Likizo yote hii tuko wote kwa shangazi yangu, Kihonda, tunalala chumba kimoja. Hidaya ana moyo mzuri, na akipika wali wa nazi hata majirani hupata sababu ya kuja kuazima kiberiti. Ila machale yananicheza. Mtu anayekwambia kila siku, "Shoga yangu, wewe kaa tu, mimi nitapika," anatafuta nini? Kwa hiyo kimyakimya nilimwambia dalali wa kweli anitafutie chumba cha mtu mmoja. Hidaya hajui. Ndotoni nikaona niendelee hivyohivyo.

"Peke yako," upawa akarudia, akainamisha kichwa, mchuzi ukamwagika. "Sawa, dada yangu. Ila nyumba zinasikia."

Sikupenda alivyolitamka hilo.

Tunafika hosteli ya kwanza. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KUPIKA CHUMBANI. Nageuka niondoke, lakini upawa ananishika mkono.

"Wanaifuata sheria vizuri sana," anasema. "Tazama."

Nikatazama. Msichana mmoja aliwasha jiko lake la gesi chumbani kwake, na chumba kikasimama, kikajikung'uta vumbi, kikaondoka. Kuta, mlango, dirisha na neti yake, vyote vikaenda kusimama kwenye kamba za kuanikia nguo. Msichana akabaki uwanjani na kitanda chake, anakaanga vitunguu.

"Sasa hapiki chumbani," upawa akaeleza.

Uwanja mzima ulijaa wanafunzi wa namna hiyo, kila mmoja na sufuria yake juani. Vyumba vyao vilijipanga pembeni, vimegeuzia madirisha upande wa pili kwa heshima.

"Na mvua ikinyesha?"

"Vyumba havilowani," akasema upawa. "Vina mapaa."

Nikamsogelea yule msichana wa vitunguu, nikamuuliza kama chumba chake hurudi akishamaliza kupika.

"Kinarudi," akasema, hakuinua macho. "Ila siyo lazima kirudi hichohicho."

Hapa pana namna, nikajisemea. Nikavikagua vile vyumba usoni. Kimoja kilikwepa macho yangu.

Tulipopinda kona kuelekea stendi, tukajikuta tuko ndani ya ukumbi wa mihadhara. Viti vimepanda ngazi kama kawaida, lakini pale mbele anaposimama mwalimu kulikuwa na jiko moja kubwa, na juu yake sufuria moja pana kama kisima. Jiko la pamoja.

"Hapa hatubagui," jiko likasema. Lilikuwa na sauti ya gesi inayokaribia kuisha. "Kila mtu anatia chake, vyote vinaiva humu, kisha kila mtu anaita chake kinakuja."

"Kinaitwaje?"

"Kwa jina la mwenyewe. Wewe nani?"

"Sekela."

"Tia, Sekela."

Nikatia maharage yangu, yale ya njano ya kwetu, niliyoyachambua kwa mkono wangu. Yakazama katikati ya dagaa na makande ya watu. Wanafunzi walisimama kuizunguka sufuria wakiita majina yao. Mmoja akaita, "Nyamizi!" na kipande cha samaki kikaitika, "Abee!" kikarukia sahani yake. Kazi ilikwenda vizuri tu, mpaka zamu yangu ikafika.

"Sekela!" nikaita.

Kimya.

"Sekela!"

Mapovu mawili, basi. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna.

"Jaribu jina lingine," jiko likasema.

"Sina jina lingine."

"La mwenzako."

"Sina mwenzangu."

Nikainama kwenye sufuria, na kwa sauti ya chini kabisa, kwa kujaribu tu, nikasema, "Hidaya."

"Abee!" Maharage yote yakapanda juu kwa pamoja, kwa lafudhi ya Tanga.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto. "Yaani hata maharage ya kwetu kashayavuta upande wake!"

"Yeye huwa anazungumza nayo akiyapika," jiko likasema. "Wewe huwa unayalinda tu."

Sikuyagusa. Nikamgeukia upawa. "Nataka chumba chenye jiko lake na mlango unaofungwa. Mimi peke yangu. Kama huna sema, nitafute dalali mwingine."

Upawa akafungua mlango wa ukumbi, na ng'ambo yake hapakuwa na uwanja wala barabara. Palikuwa na chumba.

Nilitaka kulia. Marumaru meupe, jiko safi, bomba linalotoa maji kweli, kabati la vyombo, kitanda pembeni, na dirisha linaloangalia Milima ya Uluguru. Mlango una komeo juu na komeo chini. Hapakuwa na harufu ya mtu yeyote. Tumbo langu lilitulia palepale, kabla hata sijaketi.

Mama mwenye nyumba alikuwa friji. Alijifunga kanga kiunoni, na alikuwa akinguruma polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Mama hajambo huko Tukuyu?"

Nikashtuka, maana sikuwa nimemwambia kwetu ni wapi. Nikamwangalia upawa. Upawa alikuwa anaangalia dari.

"Hajambo," nikasema.

"Nina sheria moja," akasema friji. "Humu anapika mmoja, anakula mmoja. Pika sasa, ule. Ukimaliza sahani, chumba ni chako mpaka siku unayomaliza chuo."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Mwenye nyumba mwenye sheria moja! Nikachungulia nyuma yake nione anaficha nini. Palikuwa na waya, umechomekwa ukutani. Nikaridhika.

Nikapika wali wa nazi. Sijui kwa nini niliuchagua huo, kwa sababu kukuna nazi kunanishinda, huwa naikuna pamoja na vidole vyangu. Mbuzi ya kukunia ilikuwa imekaa kwenye kona, na nilipoikalia ikauliza, "Yule wa siku zote yuko wapi?" Nikaiambia ishughulike na nazi. Nikachuja tui, nikatia mchele, nikafika kwenye chumvi. Nachota tui kwa kijiko, naonja. Ulimi hauniambii kitu. Naonja tena. Hakuna.

"Kuonja ni kazi ya mtu wa pili," friji akasema. "Humu hakuna wa pili."

Kweli, hata nikiwa macho huwa nasimama na kijiko mkononi naita, "Hidaya, hebu nionjee chumvi." Sikutaka kulifikiria hilo. Nikatia chumvi kwa kukisia, nikafunika.

Wali ukaiva. Nikapakua sahani moja. Nikafunga komeo la juu, nikafunga la chini, nikasukumiza kitambaa kwenye upenyo wa mlango ili harufu isitoke. Upawa alikuwa ameshaning'inia ukutani, hasemi. Nikanawa, nikaketi mkekani, nikafinyanga tonge. Friji akaacha kunguruma, akasubiri.

Hapo nikasikia kandambili zinapita nje, koridoni.

Kandambili tu, zinakwenda zao. Ningenyamaza zingepita. Lakini mimi nimelelewa na mtu. Huwezi kuwa na tonge mkononi, mtu anapita, na wewe umekaa kimya kama mwizi. Mdomo ulifunguka kabla sijaukataza.

"Karibu!"

Sasa, kila mtu anajua linalofuata. Wewe unasema karibu, naye anajibu, "Asante, nimeshiba," hata kama utumbo unamlia, kisha anaendelea na safari yake. Nimesema karibu tangu nikiwa mdogo na wengi hawajawahi hata kupunguza mwendo. Nikasubiri asante yangu.

"Haya, nakuja," ikajibu sauti ya Hidaya.

Komeo la chini likajifungua. La juu likajifungua. Kitambaa kikajikunja kikakaa pembeni. Hidaya akaingia na beseni la kunawia, akaketi mkekani mbele yangu kana kwamba ndivyo tulivyokubaliana.

"Mama," nikamwambia friji, "mimi nilisema tu."

"Humu hatusemi tu," friji akajibu. Hakukasirika. Akachomoa waya wake ukutani, akaukunja, akaukaza kwenye kanga, akatoka. Marumaru yakabanduka yakamfuata kwa mstari. Bomba likafuata, halafu kabati. Dirisha likaondoka na milima yake. Upawa akaenda nao, na hakuaga. Tukabaki kwenye nyasi, mimi na Hidaya, mkeka, na sufuria kati yetu.

Niliumia kweli. Jiko langu lilikuwa linaishilia barabarani mbele ya macho yangu, na nilikuwa nasikia tayari sauti ya mama ikiniambia nifunge mizigo.

"Umeniponza," nikasema.

"Nimekuponza mimi? Si umeniita mwenyewe?"

"Ungesema umeshiba!"

"Sijashiba, Sekela. Ulitaka nikudanganye?"

Uongo uliniishia, na ukiniishia huwa nasema ukweli. "Nilitaka kukuacha. Nimemwambia dalali anitafutie cha mtu mmoja."

"Najua," akasema Hidaya, anajinawia. "Mtu anayechora chupa ya mafuta, atashindwa kukichorea mstari chumba?"

"Sasa mbona umenyamaza siku zote?"

"Niseme nini, shoga yangu? Nilidhani utachoka. Hebu niambie, tangu nianze kukupikia pale kwa shangazi, umeumwa tumbo lini?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena, nikitafuta hata kaumivu kadogo. Sikupata, na nilikasirika kwamba sikupata.

Hidaya akachukua tonge. "Chumvi imezidi," akasema, akaendelea kula. Nami nikala. Tulikula sahani moja, kila mtu upande wake, na alipokutana na machicha ya nazi niliyoshindwa kuyachuja hakucheka. Tumbo langu likatulia, pale nyasini, bila marumaru wala komeo. Niliona aibu, halafu nikaona raha.

Ukabaki ukoko. Umekamata chini ya sufuria, mwekundu, unanukia nazi. Mkono wake na wangu ikaingia pamoja.

"Ukoko ni wa aliyepika," nikasema.

"Ni wa mgeni," akasema Hidaya. "Nawe umenikaribisha."

Nikavuta sufuria. Akavuta. Nikavuta kwa nguvu zote, nikaamka.

Kumekucha. Shangazi anafagia uani. Nimekamata pindo la shuka kwa mikono miwili. Hidaya yuko kwenye kitanda chake, amelala chali, anapumua taratibu. Jana gesi ya shangazi iliisha, tukala mkate na soda sote watatu, tukalala. Na nazi haijaingia nyumba hii tangu tuliporudi kutoka sokoni wiki iliyopita na ile iliyooza.

Nikainuka nikaenda kwake kwa kunyata. Nikainama mpaka pua yangu ikakaribia kumgusa. Kwenye pembe ya mdomo wake kulikuwa na kipande kidogo chekundu, kikavu, kimeganda. Nikanusa.

Nazi.

Simu yangu ikatetemeka kitandani. Ni dalali, yule wa kweli, mwenye kichwa cha kawaida: "Dada kile chumba cha mtu mmoja bado kipo, nikushikie?" Nikamwangalia Hidaya. Kisha nikaandika: "Tafuta cha wawili. Kiwe na jiko."

Nikatuma kabla sijaanza kujishuku.

"Hidaya," nikaita polepole.

"Abee," akaitika, macho bado yamefumbwa.

"Ukoko umeumaliza?"

Akajivutia shuka, akageukia ukutani.

"Uliungua upande mmoja," akasema.