Sara Alikuja Saa Nne

"Na tarumbeta je? Nani alikwambia uje na tarumbeta?"

"Tarumbeta ni ya Gerrit, mkwe wangu. Na hakuipiga vibaya."

"Dinie, sijauliza kama aliipiga vizuri."

Marloes Wolterink alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake bila viatu, kwa soksi tu, Novemba ile yenye baridi ya kung'ata vidole. Ng'ambo ya uzio wa miti alisimama jirani yake Dinie, mikono kiunoni, aproni imekaa upande. Mtaa mzima ulikuwa umegundua kwa pamoja kwamba madirisha yake ni machafu, kwa hiyo watu walikuwa wameshika vitambaa na kufuta palepale pa jana, masikio yakiwa nje.

Na katikati yao, kwenye kiti cha bustani, alikaa Sara. Mwanamke wa mji huu wa Borne akitimiza hamsini, kama Marloes siku ile, husemwa amemwona Sara, na ni majirani wanaomleta: mwanasesere wa matambara, mkubwa kama mtu mzima, amevalishwa kwa namna ya kumtania mwenye siku yake. Usipoletewa Sara, ujue mtaa umekususa. Huyu wa Marloes alivalishwa gauni la zamani la Dinie, hedifoni kichwani, boksi la piza mapajani likijifanya laptopu, na kifuani amebandikwa vyeti vya karatasi ya dhahabu.

"Hata vyeti vyangu mmevifanyia kichekesho," Marloes alisema.

Dinie aliinyoosha aproni yake.

Wenye kujua mambo ya mtaa ule wangekueleza vyeti vile vilitoka wapi. Marloes alikuwa keshia wa kantini, mwanamke wa kuuliza watu kama wanataka supu na mkate au supu peke yake. Kantini ilipofungwa alipata kibarua cha kupokea simu za watu waliosahau nenosiri, na huko akanogewa. Akafanya cheti cha kwanza, cha mambo ya msingi. Akafanya cha pili, cha mitandao, na cha tatu, cha usalama. Kisha bosi wake mmoja akamwambia kwamba vyeti vya kila kitu ni kama dawa zilizobaki kabatini, hazitibu mtu. Achague ugonjwa mmoja aujue mpaka mizizi. Marloes akachagua funguo. Si za vitasa, za ndani ya mifumo: kampuni kubwa ina milango maelfu kwenye kompyuta zake, na lazima awepo mtu wa kuamua nani apewe ufunguo wa mlango upi, akae nao kwa muda gani, na anyang'anywe lini. Kampuni moja ya bima ya Utrecht ilikuwa tayari kumchukua kwa kazi hiyo, mradi mwezi usiishe kabla hajaleta cheti cha nne, kile cha ubingwa. Nyuma yake alikuwepo mwombaji mwingine, ameshavaa viatu, akingoja ateleze.

Mtihani wenyewe hufanywa nyumbani, mbele ya kamera, na msimamizi akikuangalia kutoka nchi usiyoijua. Uwe peke yako chumbani. Ikionekana sura nyingine au ikisikika sauti nyingine, mtihani umekwisha.

Basi asubuhi ile Marloes alikuwa amepita nusu, kichwa kimechemka vizuri, maswali yanaitika moja baada ya jingine, alipowasikia kwenye ngazi. Dinie alifungua mlango wa chini kwa ufunguo aliokuwa nao tangu Marloes ahamie pale, maana kule jirani wa kwanza hukaa na ufunguo wako, akakulishia paka, akakuzima jiko, na siku yako ya kufa akawa wa kwanza kuvuta mapazia. Walipanda wakiimba, mtaa mzima, keki mbele na tarumbeta nyuma. Marloes alinyoosha mkono bila kugeuka, akiwaomba kwa kiganja. Wakadhani anawapungia. Sauti ya msimamizi ikasema kwa adabu, "Bibi, hupo peke yako," na skrini ikawa nyeupe. Baada ya hapo ni uchunguzi, na uchunguzi hauulizi mwezi unaisha lini.

Ndiyo maana sasa alikuwa nje kwa soksi.

"Miaka yote umekaa na ufunguo wangu," alimwambia Dinie, "ukauweka, ukauweka, mpaka siku ya kunimaliza nao. Hukupenda nitoke kantini. Si ulisema mwenyewe kwamba karatasi haimenyi viazi?"

"Nilisema. Na kweli haimenyi."

"Una wivu, Dinie. Sema tu."

Vitambaa vya madirishani vilisimama vyote. Dinie, mwanamke aliyezika mume na kuuza ng'ombe wake mwenyewe mnadani bila kutoa chozi, alipekua mfuko wa aproni, akautoa ule ufunguo, akapita pengo la uzio na kuuweka juu ya boksi la piza, mapajani mwa Sara.

"Haya. Mimi nilikuja saa niliyoambiwa," alisema. "Kaulize humo ndani mwako nani alituambia saa nne."

Akageuka akaenda zake. Mlango wake hakuubamiza. Aliufunga polepole, na hilo ndilo baya zaidi.

Wakati wote huo Bennie, mume wa Marloes, alikuwa kwenye korido na kikombe cha kahawa. Alimpokea mkewe kwa mkono begani, akamwambia awaachilie, wazee wale hawajui mambo ya kamera, kwao mtihani ni shule na shule ni watoto. Akamwambia apande akaoge maji ya moto. Maneno matamu, na Marloes alikuwa karibu kuyameza.

Ila neno la Dinie lilikuwa limemkwama kooni. Binti yao Fenna, anayesoma Groningen, ndiye aliyepanga mambo yote ya Sara. Bila shaka mtoto alichanganya saa. Marloes alimpigia simu, akijiandaa kumsamehe.

Fenna hakuhitaji msamaha. Alisema yeye alipanga iwe jioni, saa moja, mama akishamaliza na kupumzika, na hata tiketi ya treni ya jioni alikwisha kata. "Lakini baba akaniambia nisijisumbue, atawaambia majirani mwenyewe." Kisha akashusha sauti. "Mama? Si baba aliwaambia jioni?"

Marloes alimwambia asikose treni, akakata simu.

Bennie alikuwa jikoni, akikata keki ile ya majirani vipande vya kulingana, kwa ule utulivu wake wa fundi. Miaka yote alikuwa mtu wa kompyuta wa kiwanda cha samani Hengelo, mmoja tu, wa kila kitu: printa zikigoma, seva ikilala, simu ya mkurugenzi ikianguka chooni, "Bennie!" Ni yeye aliyemfundisha Marloes hata kuwasha mashine. Cheti hakuwa nacho. Alipenda kusema vyeti vyake viko mikononi, na watu walicheka naye. Lakini mwaka ule, majira ya kuchipua, kiwanda kiliipa kampuni ya nje kazi yake, na kila alikokwenda kuomba nyingine aliulizwa swali lile lile: wewe umebobea wapi?

"Fenna anasema ulichukua wewe kazi ya kuwaambia watu saa," Marloes alisema.

"Nilichanganya." Kisu hakikusimama. "Saa nne, saa moja. Mambo mengi, Marloes."

"Jana uliniambia nini kuhusu mlango?"

Kisu kikasimama.

Maana jana yake jioni walikuwa wawili mle chumbani, na ulikuwa usiku mtamu ambao nyumba ile haikuwa imeupata kwa muda mrefu. Bennie ndiye aliyetoa vitabu, akashusha kalenda ukutani, akafunika kioo kwa shuka. Alipaka mafuta bawaba za mlango zisilie. Kisha alikaa upande wa pili wa meza akajifanya msimamizi, akabana pua na kusema, "Bibi, nionyeshe masikio. Bibi, hebu tuone chini ya meza, umemficha nani?" mpaka Marloes akacheka machozi yakamtoka. Na walipotoka alimfungia mlango kwa heshima kama mlinzi wa mfalme.

"Uliniambia hata paka asiingie," Marloes alisema.

Bennie aliweka kisu chini. Alikaa. Alitazama keki, kama vile ndiyo iliyoulizwa.

"Kwenye sherehe ya Gerrit," alisema, "kila mtu aliniuliza Marloes anaendeleaje. Kila mtu. Hata yule kiziwi wa sikio moja kutoka Almelo. Hakuna aliyeniuliza mimi naendeleaje. Nikawa kama dereva wako."

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini? Usisome? Utrecht siku nne kwa wiki. Halafu utachoka na treni, utapanga chumba huko. Halafu? Mimi nibaki hapa na paka." Akainua macho. "Ningekuomba usiende, ungebaki?"

Marloes alikisogeza kisu kando. Jibu hakulijua, na uongo asubuhi ile ulikuwa umeshatosha.

"Nilidhani utaufanya tena mwezi ujao," Bennie alisema. "Mtihani ni mtihani. Haukimbii."

"Nafasi inakimbia. Ulijua inakimbia. Nilikusomea barua yao hapa hapa."

Bennie aliokota makombo ya keki kwa kidole. Alijua.

"Ungenikataza tugombane, sawa," Marloes alisema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko kule nje. "Tungevunja sahani, tungepatana. Ila wewe umenipigia makofi mpaka mlangoni, halafu ukazunguka nyuma ukafungua. Na umenisikia nikimtukana yule mama mbele ya mtaa mzima. Umesimama hapo unakunywa kahawa."

"Ningemwambia baadaye."

"Kahawa, Bennie."

Hakukuwa na kelele zaidi, na majirani wa upande wa pili, waliokuwa wameweka sikio ukutani, waliapa baadaye kwamba walidhani wamepatana.

Mchana Marloes alipiga simu Utrecht. Mwanamke aliyempokea alikuwa mwema, na wema wake ndio uliomwambia kila kitu kabla ya maneno. Alisikitika sana, alisema, angependa sana wamngoje, lakini yule mwingine cheti anacho na Jumatatu anaweza kuanza. Asiache kuwaandikia siku za mbele. Marloes alimshukuru kama anavyoshukuru mtu aliyekanyagwa mguu na mtu mwenye adabu. Kisha aliandika maelezo ya uchunguzi: watu walioingia ni majirani, hawakujua, mlango ulifunguliwa kwa ufunguo halali. Alipofika pale pa kueleza sababu alikaa na vidole hewani. Miaka miwili alisoma kwamba mwizi wa nje humsumbua mtu mara moja moja, bali wa kumwogopa ni yule mwenye ufunguo, anayejua ratiba yako na paka wako kwa jina. Swali la mtihani juu ya hilo alilijibu asubuhi ile ile, kabla ya ngazi kuanza kulia, na alilijibu sawasawa. Aliandika, "Sababu za kifamilia."

Giza lilikuwa limeshaingia, kama linavyoingia mapema majira hayo, Bennie alipotoka na begi dogo. Alisema anakwenda kwa kaka yake Almelo siku chache. Hakufukuzwa, wala hakuombwa abaki. Marloes alimwambia kitu kimoja tu: ufunguo auache mezani. Bennie aliuchomoa kwenye pete yake kwa shida, ukiwa umekaa pale muda mrefu, akauweka kando ya keki.

Gari lilipopotea kwenye kona, Marloes alitoka bustanini. Sara alikuwa bado amekaa, umande begani, ufunguo wa Dinie mapajani. Marloes aliinama kuuchukua, na taa ya barabarani ikampa nafasi ya kumtazama vizuri yule mwanasesere kwa mara ya kwanza. Vile vyeti havikuwa vya kuchorwa ovyo. Vilikuwa karatasi za ndani za chokoleti, zimenyooshwa kwa ukucha mpaka hazina mkunjo, na kila kimoja kimeandikwa jina lake kamili, kwa mwandiko wa Dinie, mtu anayeandika taratibu: cha msingi, cha mitandao, cha usalama. Chini ya cha tatu palikuwa na pini moja imechomekwa peke yake, haijashika kitu. Ikingoja.

Alisimama pale kidogo. Kisha akapita pengo la uzio, akazunguka mpaka mlango wa nyuma wa Dinie, maana wa mbele ni wa wageni na polisi. Saa ilikuwa mbaya. Kote Borne watu walikuwa mezani, na kule mtu akigonga saa ya viazi huulizwa kwa upole kama anaweza kurudi baadaye. Hata mkuu wa mji angeulizwa hivyo.

Dinie alifungua akiwa na mwiko mkononi. Nyuma yake mvuke wa viazi vilivyopondwa na sukumawiki, na soseji ya moshi.

"Nimekuletea ufunguo," Marloes alisema.

"Umeshanirudisha kazini?"

"Nilikutukana mbele ya watu. Nitakuja nikuombe radhi mbele ya watu, wale wale, wakiwa na vitambaa vyao." Akaunyoosha mkono. "Ulijua ni Bennie. Mbona hukumtaja?"

"Mlango wako nilipewa ruhusa ya kuufungua. Aibu ya nyumba yako, hapana." Dinie aliuchukua ufunguo, akaupangusa kwenye aproni. "Na wake yeye?"

"Uko mezani kwangu. Ameenda Almelo, na Fenna bado yuko njiani."

Dinie aliitikia kwa kichwa mara moja, akatazama chini, akaziona zile soksi, sasa zimelowa mpaka vifundoni.

"Mtu wa kulinda milango ya watu, na viatu huna," alisema. Akageukia ndani. "Gerrit, sogea. Na hilo tarumbeta lako litoe kwenye kiti. Ingia, Marloes, ule."