Ripoti ya Cleopas Juu ya Mmea wa Bi Tranter

Cleopas hakuwa mwongo. Alipofika Birmingham mwaka 1972, watu walimuuliza alikuwa akifanya kazi gani Kenya, naye akajibu, "Wizara ya Kilimo." Hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyemuuliza alikuwa nani huko wizarani, naye hakuona sababu ya kuwachosha. Kwa miaka sita alikuwa karani wa ghala la mbolea mjini Kisumu, akipiga muhuri karatasi za magunia yanayoingia na yanayotoka. Shambani alikwenda mara mbili, na mara ya pili ilikuwa mazishi.

Yeye na mkewe Milka, nesi katika hospitali moja kule Harborne, walimwacha mtoto wao Edah kwa bibi yake Kenya, wakapanga vyumba viwili vya juu mtaa wa Kings Heath, katika nyumba ya mjane wa Kiingereza aitwaye Bi Tranter. Kazi ya Cleopas sasa ilikuwa kupanga skrubu kwenye masanduku kiwandani, na huko hakuna aliyemwomba ushauri wowote. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Septemba, mwaka uliofuata, Bi Tranter alipogonga mlango na kusema, "Bwana Cleopas, nasikia wewe ni mtaalamu wa kilimo. Nina mmea mgonjwa," Cleopas alivaa koti na tai kabla ya kushuka ngazi.

Mmea ulikuwa sebuleni, dirishani, chini ya tundu la kasuku. Ulikuwa umejiotea wenyewe kwenye chungu ambacho ua lake lilikufa zamani, ukarefuka hadi kufika kifuani mwa mtu. Majani yake yalikuwa membamba, yenye meno kandokando, yametawanyika kama vidole vya mkono. Yale ya chini yalikuwa yameanza kuwa manjano.

Cleopas alishika jani moja, akaligeuza, akalinusa. Mtu mwingine angeuliza kwanza huu ni mmea gani. Cleopas aliona swali hilo lingemshushia hadhi.

"Njaa," alisema. "Unakosa naitrojeni."

"Maskini! Na mimi huunywesha chai iliyobaki kila asubuhi."

"Chai haitoshi, Bi Tranter," alisema kwa upole wa daktari.

Siku hiyohiyo alinunua chupa ya mbolea ya maji. Maelekezo yalisema kifuniko kimoja kwa wiki. Cleopas, aliyezoea mbolea ya tani na tani, alikiona kile kifuniko kama matusi. Alitia vinne.

Baada ya wiki mbili majani yakawa kijani cheusi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Bi Tranter alifurahi, akapandisha keki juu. Kisha ncha za majani zikapinda kuelekea chini kama kucha za mwewe. "Magnesi," alisema Cleopas, akaenda duka la dawa kununua chumvi ya haluli, ile ya kuendesha tumbo. Ncha zikawa kahawia, zikakauka kama zimechomwa kwa sigara. "Potashi," alisema. Juu ya udongo ukatanda ukoko mweupe, kama wa sufuria ya maji ya chumvi iliyosahauliwa jikoni. Cleopas aliutazama kwa muda mrefu, akasema ni dalili njema: udongo unapumua.

Aliandika ripoti ya kurasa tatu, yenye Dalili, Chanzo na Hatua Zilizochukuliwa. Kwa kuwa hakuwa na muhuri, alichora duara kwa kuzungushia kikombe, akatia sahihi katikati. Bi Tranter aliitundika ukutani, kando ya picha ya marehemu mumewe. Jirani yao Charanjit aliposikia habari hizo alileta pilipili yake itibiwe. Ilikufa baada ya siku tano. Cleopas alieleza kwamba ililetwa ikiwa imechelewa.

Muda huo wote Milka hakuwa ameuona ule mmea, kwa sababu Bi Tranter alikaribisha watu sebuleni Jumamosi tu, naye alikuwa akifanya kazi kila wikendi. Jumamosi yake ya kwanza ya mapumziko ilikuwa ya Novemba, na Bi Tranter akawaalika wote wawili kunywa chai. Mpwa wake Derek angekuja, alisema, naye alitamani sana kumwona huyo mtaalamu.

Milka aliingia sebuleni, akakaa, akapokea kikombe. Kisha macho yake yakafika dirishani. Baba yake alikuwa mpishi katika kituo kimoja cha polisi kule Nyanza, na utotoni aliona mimea ile ikichomwa uani kwa magunia. Aliendelea kutabasamu, akasema kwa Kiswahili:

"Baba Edah, usishtuke. Huo mmea unaoutibu, unaujua jina?"

"Ni wa mapambo."

"Ni bangi."

Cleopas alicheka kidogo. "Bangi ni ya vichakani, Mama Edah. Huu uko sebuleni."

"Na sahihi yako iko ukutani."

Cleopas alitua kikombe chake mezani. Alimgeukia Bi Tranter, akauliza kwa Kiingereza chake kizuri kabisa, "Huyu Derek, anafanya kazi gani?"

"Ni polisi," alisema Bi Tranter kwa fahari, akaenda kumfungulia mlango.

Konstebo Derek alikuwa kijana mnene mwenye mashavu mekundu. Alisalimia, akauzunguka mmea akiwa na keki mkononi. Lakini majani yale yalikuwa yamejikunja na kuungua, mengine yamebaki na vidole viwili vitatu tu, kiasi kwamba mama yao mwenyewe asingeyatambua. Derek alisoma ripoti yote akiwa amesimama. Jasho lilimtiririka Cleopas hadi kwenye tai.

"Bwana," hatimaye Derek alisema, "nyanya za baba yangu zilikufa hivihivi. Umezidisha mbolea. Mmea huu unakufa kwa kuvimbiwa. Mtu aliyeufanyia hivi anastahili kushtakiwa!" Akacheka sana.

Hofu ikamtoka Cleopas na kiburi kikaingia. "Kwa heshima zote, afisa, mbolea ikizidi dalili zake ni tofauti na..."

Milka alimkanyaga mguu.

"Ni kweli," alisema Cleopas. "Nilizidisha."

Derek alipokwenda zake, Milka alimweleza Bi Tranter ukweli wote, akakisia kwamba mbegu ilitoka kwenye chakula cha kasuku. Mgonjwa mmoja wodini alimsimulia jinsi alivyootewa na mmea kama huo nyumbani kwake. Bi Tranter akamtazama Cleopas.

"Na wewe hukuujua?"

"Nilikuwa karani, Bi Tranter. Nilipiga muhuri tu."

Hilo lilimuumiza Bi Tranter kuliko ile bangi. Aliitoa ripoti ukutani, akaikunja mara mbili. "Mmea nitausamehe, ulijiotea tu," alisema. "Lakini wewe uliniandikia kurasa tatu."

Waling'oa mmea jioni hiyo. Mizizi ilikuwa mifupi, kahawia, imelegea. Milka alimwonyesha mumewe: chumvi ya mbolea ilikuwa imejaa udongoni hadi mizizi ikashindwa kunywa maji yaliyoizunguka. "Ulikuwa na kiu muda wote," alisema, "na wewe unauongezea chumvi." Cleopas aliishika ile mizizi kiganjani. Milka aliukatakata mmea, akaufunga kwenye magazeti, na Jumanne wazoa taka wakauchukua.

Bi Tranter alikaa wiki mbili bila kumsalimu Cleopas. Lakini kwa Milka hakuwa na kinyongo, na baridi ilipokwisha alimpa kipande cha uwanja wa nyuma. Milka alipanda sukuma wiki kwa mbegu alizotumiwa na mama yake. Aliamua yeye lini kumwagilia na kiasi gani. Cleopas alilima na kubeba ndoo. Mwezi wa Julai walichuma majani ya kwanza, na Bi Tranter akatoka na aproni yake, akitaka kufundishwa kuyapika bila kuyachemsha nusu saa nzima.